Publilius Syrus: Mtumwa Aliyewafundisha Wana wa Mabwana

Methali za Kilatini husomwa mara nyingi kana kwamba zilitoka vinywani mwa watawala na majemadari tu. Maisha ya Publilius Syrus yaonyesha vingine. Katika karne ya kwanza K.K. aliletwa Roma kutoka Siria akiwa mtumwa. Plinius Mzee asimulia kwamba alifika katika merikebu moja na mwanasarufi Staberius Eros, nao walionekana na miguu iliyopakwa chokaa, alama ya watumwa waliovushwa bahari ili wauzwe.

Ufasaha wake ulimsaidia kupata uhuru, naye akawa mtunzi na mwigizaji wa michezo ya kuchekesha. Mwaka wa 46 K.K., katika michezo iliyoandaliwa na Julius Caesar, alishindana jukwaani na Decimus Laberius, mzee wa tabaka la wapanda farasi, akamshinda.

Michezo yake imepotea. Kilichobaki ni sentensi 700 hivi, ambazo wakusanyaji walizichuma humo, wakazipanga kwa herufi ya kwanza, zikaingia shuleni. Ndivyo wana wa mabwana walivyokariri hekima ya mtu aliyewahi kuuzwa.

Mojawapo ya sentensi hizo ndiyo chimbuko la methali mashuhuri *Bis dat qui cito dat*, yaani, atoaye upesi hutoa mara mbili. Katika umbo la awali, Publilius alimtaja waziwazi maskini anayepewa; methali iliyoenea imembakiza mtoaji peke yake. Kwa hiyo neno lililoelekezwa kwenye shida ya mhitaji limegeuka kuwa sifa ya mkarimu.

Hasara nyingine ni kutojulikana kwa msemaji. Jukwaani, sentensi moja yaweza kusemwa na bahili, nyingine na mtumwa mjanja. Katika orodha zote huwa amri za sauti moja. Wasomi wa Kiswahili walifahamu vema jambo hilo: «Haraka haraka haina baraka» na «Ngoja ngoja huumiza matumbo» hazipingani kwa anayejua ni nani aliambiwa, na wakati gani.

Hapana budi, basi, mkusanyaji wa methali, ziwe za Kilatini au za Kiswahili, aandike pamoja na neno lenyewe habari za msemaji, za msikilizaji na za tukio. Pasipo hayo, maskini huweza kutoweka katika methali iliyotungwa kwa ajili yake.