UZI: "Hapa kazini hakuna unyanyapaa wa TB." Sawa, nani alipima?

1/ Kila mjadala wa ajira na afya ukipamba moto, hii hoja lazima itokee. Upande mmja unasema Wakenya wanapoteza kazi sababu ya TB. Upande wa pili unajibu, "leteni takwimu." Halafu kimya. Uzi huu ni historia fupi ya vile watu walijaribu kupima aibu ya ugonjwa, na kwa nini kipimo kinakwama kikifika kwa mlango wa kazi. Sitaji mwanasiasa wala chama.

2/ Tuanze mwanzo. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amepata kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Kabla ya hapo, wengi Ulaya waliamini ni ugonjwa wa kurithi, wa ukoo fulani. Ugunduzi ukafungua njia ya tiba, lakini pia ukahamisha lawama. Sasa mshukiwa akawa yule anayekohoa karibu nawe. Na wapi unakaa karibu na mtu saa nane kwa siku? Kazini.

3/ Dawa zikaja: streptomycin miaka ya 1940, isoniazid 1952. Swali likabaki: mgonjwa afungiwe sanatoria au atibiwe akiwa nyumbani? Utafiti wa Madras, India, ulionyesha kwamba jamaa wa waliotibiwa nyumbani hawakuwa katika hatari kubwa kuliko jamaa wa waliolazwa. Yaani sababu ya kitabibu ya kumtenga mtu kwa miezi na miezi iliporomoka zaidi ya miaka 60 iliyopita.

4/ Na hapa Afrika Mashariki tuna mchango wetu. Kuanzia 1970, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki majaribio yaliyofanywa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Wakati huo tiba ya kawaida ilichukua kama miezi 18. Majaribio hayo yalisaidia kuthibitisha kwamba miezi 6 inaweza kutosha. Dunia nzima ilifaidika.

5/ Leo mwenye TB ya kawaida, akimeza dawa zinazofaa, kwa kawaida huacha kuambukiza baada ya kama wiki mbili. TB sugu ina utaratibu wake. Lakini miaka ya 1980 na 1990 Ukimwi ulipoenea, visa vya TB vilipanda nao. Tangu hapo, ukisema "nina TB", mwenzako anasikia magonjwa mawili. Ndiyo maana mtu anaambia bosi "ni homa tu".

6/ Sasa kupima. Mwaka 1963 mwanasosholojia Erving Goffman alichapisha kitabu kuhusu unyanyapaa, akieleza vile jamii humpunguzia mtu hadhi kwa sababu ya alama moja tu aliyo nayo. Mwaka 2008 watafiti waliofanya kazi kusini mwa Thailand walichapisha vipimo vya unyanyapaa wa TB: hojaji moja ya mtazamo wa jamii, nyingine ya mgonjwa mwenyewe. Unasoma sentensi, unasema unakubali au hukubali, alama zinajumlishwa.

7/ Wataalamu hutenganisha mambo matatu. Kwanza, ubaguzi uliotendeka: ulinyimwa shifti, ulifutwa kazi. Pili, ule unaoutarajia: hujasema chochote, lakini unaogopa. Tatu, ule ulioumeza: wewe mwenyewe unajiona mchafu. Shika hii tofauti vizuri, sababu mijadala yetu huchanganya yote matatu.

8/ Hojaji nyingi hizi huuliza kuhusu familia, majirani na jamii. Ukizipeleka kiwandani, kwa mjengo au kwa shamba la chai, zinapata shida tatu.

9/ Shida ya kwanza: waliofukuzwa hawako tena. Mfano wa kubuni: kiwanda kina watu 200, watano wanapata TB. Watatu kibarua kinaota nyasi, wawili wanabaki. Mtafiti anakuja mwaka ujao, anauliza waliobaki. Wote wawili wanasema, "nilitendewa vizuri." Ripoti inaandika unyanyapaa sifuri! Kumbe waliokuwa na jibu tofauti wako nyumbani.

10/ Shida ya pili: kimya. "Hatujawahi kupata malalamiko" inaweza kumaanisha hakuna ubaguzi. Inaweza pia kumaanisha watu wanaogopa hadi hakuna anayesema anaugua. Ubaguzi wa kutarajiwa ukiwa juu sana, ule wa kutendeka unaonekana uko chini. Namba moja, maana mbili kinyume.

11/ Shida ya tatu: kibarua wa siku. Huyu hafutwi. Asubuhi mnyapara anaita majina, lake haliitwi. Hakuna barua, hakuna rekodi. Utahesabu nini?

12/ Tuje kwa sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, ilivyotungwa inakataza ubaguzi kwa misingi mingi, na inataja wazi hali ya HIV. TB haikutajwa. HIV ilikuwa tayari na sheria yake ya 2006. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, ndiyo inataja "hali ya afya" kwa jumla. Kwa hivyo anayesema "sheria ipo" hajadanganya, ila mfanyakazi wa TB analazimika kupitia njia ndefu.

13/ Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 30: baada ya miezi miwili mfululizo kazini, una haki ya angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka. Jumla 14. Ni zile wiki mbili tu. Ukiwa bado dhaifu siku ya 15, au ulitumia siku zako kabla hujapimwa, unabaki na huruma ya bosi.

14/ Tuseme ukweli pia kwa upande wa mwajiri. Ana wajibu wa kulinda wafanyakazi wengine, na hofu yao si upuzi. Lakini ulinzi ni kufungua madirisha, kupima waliokaa karibu na mgonjwa na kumpa nafasi aanze dawa. Ukimfukuza mmoja, wengine watano wanaokohoa wanajifunza kunyamaza, na kijidudu kinabaki ndani.

15/ Serikali yenyewe iliwahi kutoa mfano mbaya. Mwaka 2010 wagonjwa wa TB walipelekwa gereza la Kapsabet kwa kuacha dawa, kwa amri ya miezi 8. Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwafunga gerezani kulikiuka Katiba. Tarehe ya uamuzi? 24 Machi 2016, siku ile ile ya tangazo la Koch.

16/ Tunajua tunaweza kupima tukitaka. Utafiti wa kitaifa wa 2016 ulikadiria watu wazima 558 wenye TB kwa kila 100,000, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake. Theluthi mbili hivi ya waliokuwa na dalili hawakuwa wametafuta matibabu. Utafiti wa gharama wa 2017 ukaonyesha familia 26.5 kwa 100 zenye TB ya kawaida ziliingia gharama za kuangamiza. Kwa TB sugu, 86.4 kwa 100.

17/ Kwa hivyo mtu akikuambia unyanyapaa kazini "umeisha" au "umezidi", muulize:
• Mliuliza waliobaki tu, au na walioondoka?
• Mliuliza hisia, au matendo: shifti, mshahara, kandarasi?
• Vibarua wa siku walikuwemo?
• Nani aliuliza: bosi, au mtu asiye na nguvu juu ya mfanyakazi?

18/ Wagonjwa wa TB huandikishwa kliniki wakianza dawa, na huonwa tena wakimaliza. Swali moja mwishoni, "kazi uliyokuwa nayo ulipoanza dawa, bado unayo?", lingetupa zaidi ya miaka kumi ya kelele jukwaani. Anayetaka kura yako na akubali liulizwe.

Maswali weka hapo chini. Usitaje jina la mgonjwa yeyote, tafadhali.