Kuzuia kuanguka kazini katika pwani ya Mtwara

Kuzuia kuanguka kazini ni mipango, vifaa na kanuni za kumlinda mtu anayefanya kazi mahali ambapo akiteleza au akikosea hatua ataporomoka hadi usawa wa chini na kuumia. Kazi ya juu haipimwi kwa urefu peke yake. Paa la nyumba ya kawaida, ukingo wa kisima kinachochimbwa, rundo la magunia ghalani na kilele cha mnazi vyote vinahesabiwa.

Katika pwani ya kusini mwa Tanzania, kuanzia Mikindani na Mtwara mjini hadi Msimbati na vijiji vya maingilio ya Mto Ruvuma, kazi hizi ziko za aina mbili. Zipo za viwandani, bandarini na kwenye miradi mikubwa, zenye mwajiri anayejulikana na mkaguzi anayeweza kufika. Zipo pia za mtaani na shambani, ambako fundi, mkwezi au kibarua hupatana bei na mwenye kazi kwa mdomo kisha akapanda. Njia za kujikinga ni zilezile kwa wote. Kinachotofautiana ni nani anayebanwa kuzitimiza.

Maeneo ya kazi

Bandari ya Mtwara, yenye kina kirefu cha asili, ilifunguliwa mwaka 1954 kutokana na mpango wa kilimo cha karanga wa wakoloni wa Kiingereza, na baadaye iliongezewa gati jipya la mita 300. Hapo watu hupanda ngazi za meli na juu ya makontena. Kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichozinduliwa mwaka 2015, kina minara na maghala marefu yanayohitaji kusafishwa na kutengenezwa. Mitambo ya gesi ya Ghuba ya Mnazi na Madimba ina matangi na mabomba yanayofikiwa kwa ngazi za chuma.

Korosho nayo ina hatari yake. Tangu mfumo wa stakabadhi za ghala uanze kutumika katika msimu wa 2007/2008, mavuno hukusanywa kwa wingi maghalani yakisubiri mnada. Wapagazi hupandisha magunia mazito juu ya marundo na malori wakipita kwenye ubao mwembamba, mara nyingi wakiwa hawaoni wanapokanyaga. Mikindani, mji wa kale ambako Wajerumani walijenga boma mwaka 1895, kuna majengo ya mawe ya matumbawe yenye boriti zilizochakaa. Anayekarabati dari hawezi kuona kwa macho kama boriti bado inabeba.

Nguvu ya anguko

Mtu akianguka kutoka mita 5 hufika chini kwa takribani sekunde 1, akiwa na kasi ya kilomita 36 hivi kwa saa. Kutoka mita 20, kimo ambacho mnazi mzee hukifikia, hutumia sekunde 2 tu na kasi yake hupita kilomita 70 kwa saa. Muda huo hautoshi kujishika popote. Hata anguko la mita 2 linaweza kuua iwapo kichwa kitatangulia. Kwa hiyo uhodari na uzoefu, ingawa hupunguza makosa, si kinga: humsaidia mtu asiteleze, lakini haumsaidii akishateleza.

Mpangilio wa kinga

Wataalamu wa usalama hupanga kinga kwa daraja tatu, na ya chini hutumika pale tu ile ya juu yake inaposhindikana:

1. Kuondoa haja ya kupanda. Kenchi huunganishwa chini kisha zikainuliwa. Kuta hupakwa rangi kwa brashi yenye mpini mrefu. Matunda huangushwa kwa upembo.
2. Kuweka kizuizi. Jukwaa lenye reli, kifuniko cha tundu la sakafu na ukingo imara humlinda kila aliyepo bila kumtaka akumbuke lolote.
3. Kupunguza madhara ya anguko. Hapa ndipo penye nyavu na mikanda ya usalama.

Katika maeneo mengi ya ujenzi mpangilio huu hugeuzwa: mkanda hununuliwa kwanza na reli haifungwi kabisa. Mkanda humlinda mtu mmoja, tena akiufunga vizuri na mahali palipo imara.

Majukwaa, ngazi na mapaa

Nyumba nyingi za Mtwara hujengwa kwa majukwaa ya mirunda iliyofungwa kwa misumari au kamba. Jukwaa la namna hii linaweza kuwa salama iwapo miguu yake imesimama juu ya ubao mpana, maana udongo wa kichanga wa pwani huzama, iwapo limefungiwa mihimili ya mshazari, na iwapo limeshikizwa ukutani. Mbao za kukanyagia zijaze upana wote, na pembeni kuwe na reli ya takribani mita 1 kutoka zinaposimama nyayo. Mirunda iliyoachwa mvuani msimu mzima huoza kwa ndani, hivyo ikaguliwe upya kabla ya kutumika.

Ngazi ya kuegemeza husimama vizuri ikiwa kitako chake kiko mbali na ukuta kwa robo ya urefu wake wa kwenda juu: kwa mita 4 za kupanda, mita 1 ya kutoka ukutani. Kichwa chake kipite mahali pa kushukia kwa mita 1 hivi, na kifungwe.

Paa la bati huteleza likilowa, na bati lenye kutu hutoboka. Fundi akanyage palipo na misumari, yaani juu ya mbao, au atandike ubao wa kutembelea. Kazi husimama upepo unapozidi, kwa sababu bati likishikwa na upepo humvuta aliyelibeba. Pwani hii hupata tahadhari za vimbunga, kama ilivyokuwa Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipokaribia na kutua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Baada ya dhoruba watu hupanda haraka kuziba mapaa yaliyokwisha kulegea, na wakati huo ndio wa hatari zaidi.

Mkanda wa usalama

Mkanda unaofaa ni wa mwili mzima, unaopita mabegani na mapajani. Mkanda wa kiunoni peke yake unaweza kuumiza tumbo na uti wa mgongo wakati wa kudakwa; Marekani iliukataza kama kifaa cha kudakia anguko kuanzia mwaka 1998.

Nafasi iliyo chini husahaulika. Kamba ya mkanda ya mita 2 yenye kifyonza mshtuko, ikijumlishwa na kurefuka kwake na kimo cha mtu, huhitaji zaidi ya mita 6 kutoka ilikofungwa hadi chini. Juu ya paa la nyumba ya kawaida, mvaaji atagonga ardhi kabla kamba haijamdaka. Hapo hufaa kamba fupi inayomzuia asifike ukingoni kabisa.

Mkwezi na mgema

Mkwezi hukwea kwa vidato vilivyochongwa shinani au kwa kitanzi cha kamba miguuni, akiwa na panga kiunoni. Mgema hukwea zaidi yake, kwa kuwa tembo la mnazi hugemwa asubuhi na jioni: mwenye minazi 10 hupanda mara 20 kwa siku.

Hatari huongezeka kileleni. Kuti kavu hung'oka likishikwa, nyuki na siafu hushtua, na shina huteleza baada ya mvua. Maji hutuama kwenye vidato na kuozesha shina. Ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao umeua minazi mingi katika pwani ya kusini, huacha miti inayoonekana imesimama imara ilhali imeoza juu. Mnazi uliopukutisha makuti haukwewi.

Walio chini nao wamo hatarini. Daktari Peter Barss, aliyechunguza wagonjwa wa hospitali ya Alotau nchini Papua New Guinea, aliandika mwaka 1984 kwamba asilimia 2.5 ya waliolazwa kwa majeraha walikuwa wameangukiwa na nazi.

Dawa ya kwanza ingekuwa kupanda minazi mifupi. Lakini aina fupi na chotara zilizoletwa Tanzania zilionekana kushindwa na ugonjwa wa kunyong'onyea kuliko mnazi mrefu wa Afrika Mashariki, hivyo urefu umebaki. Huko Kerala, India, Bodi ya Maendeleo ya Nazi ilianzisha mwaka 2011 mafunzo kwa vijana, wanaume kwa wanawake, ya kukwea kwa kifaa chenye fremu mbili za chuma zinazokumbatia shina na kupandishwa kwa zamu kwa miguu, pamoja na bima. Kwa mkwezi asiye na kifaa hicho, kamba ya pili inayozunguka shina na kiuno humpa pa kujishikiza wakati mikono yote inafanya kazi.

Sheria na fidia

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ilichukua nafasi ya Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950. Inamtaka mwajiri asajili mahali pa kazi, atathmini hatari na atoe vifaa kinga bila kumtoza mfanyakazi. Utekelezaji wake husimamiwa na OSHA, wakala wa serikali ulioanzishwa mwaka 2001. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, hulipa matibabu na fidia kwa michango ya mwajiri. Mkwezi anayelipwa kwa mti na fundi wa mapatano ya mdomo kwa kawaida hawana mwajiri anayewachangia, hivyo anguko lao hugharimiwa na familia.

Uokoaji

Aliyening'inia kwenye mkanda ashushwe upesi, kwani damu hukusanyika miguuni na anaweza kuzimia. Aliyeanguka achukuliwe kuwa ameumia uti wa mgongo hadi daktari aseme vinginevyo. Asiketishwe wala asipakiwe kwenye pikipiki. Mtu mmoja ashikilie kichwa na shingo visicheze. Wengine wamgeuze mwili kwa pamoja na kumlaza juu ya ubao au mlango uliong'olewa, kisha apelekwe kwa gari hospitali ya Ligula mjini Mtwara. Mpango huo, pamoja na namba ya mwenye gari, hupangwa kabla mtu hajapanda, hasa Msimbati, Kilambo na vijiji vingine vilivyo mbali na mji.