Kichocho ni cha Ufukwe, Si cha Misafara

Historia ya Ujiji, mji wa kale wa kando ya Ziwa Tanganyika, imezoeleka kusimuliwa kwa nyayo za misafara. Tunasoma habari za pembe za ndovu na watumwa waliovushwa kutoka Manyema, chumvi ya Uvinza, mawese na dagaa. Kisha wasafiri wa Kizungu Burton na Speke wanaingia mjini Februari 1858, Livingstone anafuata mwaka 1869, na Stanley anamkuta hapo mwaka 1871. Kwa kuwa katika simulizi hiyo kila kitu huja kwa msafara, maradhi nayo yamepewa njia hiyo hiyo. Kwa kipindupindu hukumu hiyo ni ya haki: James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja, alionyesha katika kitabu chake cha 1876 jinsi ugonjwa ule ulivyofuata njia za biashara kituo hadi kituo. Kwa kichocho cha utumbo, hukumu hiyo inapotosha. Ushahidi unaelekeza kwamba chimbuko la mnyoo wake ni Afrika Mashariki yenyewe, na ndugu yake wa karibu kabisa hadi leo anaishi ndani ya panya wa porini.

Tumtazame kwanza mnyoo mwenyewe. Dume na jike hukaa wamekumbatiana ndani ya mishipa ya damu inayozunguka utumbo. Jike hutaga mamia ya mayai kwa siku, kila yai likiwa na mwiba ubavuni. Mengine hukwama kwenye ini na kulikakamaza. Mengine hutoboa utumbo na kutoka na kinyesi, ndiyo maana mgonjwa huharisha damu. Yai likifika ziwani au mtoni huanguliwa, na kiumbe kinachotoka humtafuta konokono wa jamii ya Biomphalaria, anayependa maji yaliyotulia yenye majani. Ndani ya konokono mmoja huzaliwa maelfu ya lava wenye mikia iliyogawanyika, ambao hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayesukuma mtumbwi, kwa dakika chache tu. Nafasi ya konokono katika ugonjwa huu ilithibitishwa na Robert Leiper huko Misri mwaka 1915. Enzi za misafara, mtu aliyeugua hivyo pale Ujiji, mwenyeji au mgeni, huenda alihesabiwa tu kuwa na kuhara damu. Kwa hiyo ukimya wa wasafiri juu ya kichocho hauthibitishi kwamba hakikuwepo.

Mahali vitabu viliponyamaza, vinasaba vimesema. Mwaka 1931 Mfaransa Émile Brumpt alieleza mnyoo mwingine kutoka Kongo ya Wabelgiji, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, anayeishi ndani ya panya na kupitia kwa konokono wa jamii ile ile. Alimwita Schistosoma rodhaini. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba mnyoo huyu wa panya na yule wa binadamu, Schistosoma mansoni, walitengana kati ya miaka 107,000 na 148,000 iliyopita, na watafiti wakaona kuwa muda huo unalingana na dalili za kale kabisa za uvuvi barani Afrika. Maana yake ni nzito. Mtu alipoanza kuingia majini kila siku kutafuta samaki, aliingia katika mzunguko uliokuwa ukiendelea kati ya konokono na wanyama wa kando ya maji. Hata saa za lava hawa zinashuhudia utengano huo: wa binadamu hutoka kwenye konokono mchana, watu wanapokuwa majini, na wa panya hutoka usiku, panya wanapotembea.

Yapo mapingamizi yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba habari za miaka laki moja hazihusu panya wa leo. Zinahusu, kwa sababu mlango kati ya panya na mtu haujafungwa. Mwaka 2008 watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya walionyesha kwamba minyoo ya aina hizi mbili bado inazaliana na kutoa machotara. Huko Guadeloupe, kisiwa cha Karibi ambako kichocho kilifika kwa biashara ya watumwa kutoka Afrika, panya weusi wamekuwa wakiuendeleza mnyoo wa binadamu kwenye mikoko, na lava wa huko wamejifunza kutoka alasiri ili wakutane na panya. Karibu na kwetu zaidi, katika Hifadhi ya Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, nyani wamepatikana na mnyoo huo huo wa watu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba wanaoeneza kichocho kwa wingi ni watu, si panya. Hilo ni kweli, na hapa ndipo misafara inaporudi katika historia. Mji wa biashara ulikusanya maelfu ya watu kwenye ufukwe mmoja bila vyoo vya kutosha, na watu wale wakachukua maji, wakafua na kuoga mahali pale pale. Ziwa nalo halikutulia. Lilipanda hadi Mto Lukuga ulipobomoa kizuizi chake mwishoni mwa miaka ya 1870, kisha likashuka karibu mita 10 kabla ya karne kwisha, likiuacha mji wa Ujiji mbali na maji yake. Bandari ikahamia Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914, na watu wakakusanyika upya kwenye ghuba nyingine. Biashara ilikipa kichocho wenyeji wengi wa kukaa ndani yao; chimbuko lake lilikuwa la zamani zaidi.

Wapo watakaohofu kwamba kumtaja panya ni kuwapa wakubwa kisingizio cha kutojenga vyoo, au kuwapa watu sababu ya kuua wanyama wa Gombe. Hofu hiyo naielewa, lakini hoja inakwenda kinyume chake. Kumaliza panya wa delta ya Mto Luiche, jirani na Ujiji, hakuwezekani, na nyani wa Gombe hawana kosa. Ugonjwa ukiwa na hifadhi nje ya mwili wa binadamu, dawa ya kunywa peke yake haitaung'oa. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa na imeokoa watoto wengi wa shule, lakini haimkingi mtoto anayerudi kwenye maji yale yale kesho yake.

Kwa hiyo mialo yetu, kuanzia Kagunga upande wa kaskazini hadi kusini mwa Ujiji, idai mambo matatu kwa pamoja: vyoo karibu na wavuvi na waanikaji dagaa, maji ya bomba ili mama asilazimike kufulia kwenye majani, na upimaji wa konokono na wanyama unaokwenda sambamba na ugawaji wa dawa. Halmashauri inayogawa vidonge na kuusahau ufukwe inatibu nusu ya ugonjwa.