Molekuli ya kusubiri mwanga, na mwalimu aliyerukwa na Nobel

Sisi wa Katanga tukisikia kitu kinang'aa, mawazo hukimbilia Shinkolobwe, machimbo yaliyotoa radiamu ya kutibia saratani Ulaya tangu miaka ya 1920. Lakini radiamu haijui kuzimwa. Huchoma nyama usiku na mchana. Habari hii ni ya molekuli zenye adabu zaidi: hukaa gizani mpaka zimulikwe, ndipo zionyeshe yaliyomo ndani ya seli hai.

Agosti 2026 inatimia miaka 20 tangu jarida la Science litangaze PALM, hadubini inayotumia molekuli hizo. Mwanzo wake unajulikana: mwaka 1962 Osamu Shimomura alipata protini ya kijani, GFP, katika yavuyavu wa baharini, miaka ya 1990 wenzake wakaipandikiza katika viumbe wengine.

Anayesahauliwa ni Jennifer Lippincott-Schwartz. Miaka ya 1970, baada ya chuo, Mmarekani huyu alifundisha sayansi katika sekondari ya wasichana nchini Kenya. Mwaka 2002, akiwa maabara ya NIH, taasisi za afya za Marekani, huko Bethesda, yeye na George Patterson waligeuza kipande kimoja cha GFP. Protini ikawa karibu haionekani. Ikimulikwa mwanga wa zambarau, ukijani wake hupanda mara 100 hivi. Mtafiti huchagua kona moja ya seli, huiwasha, kisha hufuata protini zinakokwenda.

Wakati huo mwanafizikia Eric Betzig alikuwa mtu wa kijiweni. Aliacha maabara ya Bell mwaka 1994, akafanya kazi kiwandani kwa baba yake Michigan, akabuni mashine ambayo, kwa simulizi yake mwenyewe, karibu haikupata mnunuzi. Mwaka 2005 yeye na rafiki yake Harald Hess, naye hana kazi, walisikia Florida habari za molekuli hizi. Wakaunda hadubini sebuleni kwa Hess, La Jolla, kwa fedha zao. Halafu wakabisha hodi Bethesda. Lippincott-Schwartz akawapa molekuli na chumba cha giza.

Kikwazo chao kilikuwa cha zamani: mwaka 1873 mwanafizikia Ernst Abbe alionyesha kwamba vitu vilivyokaribiana chini ya nanometa 200 hivi huonekana doa moja. Betzig na Hess waliwasha molekuli chache, wakapima kitovu cha kila moja, zikafifia, wakawasha nyingine, maelfu ya mara. Nukta zote zilipowekwa pamoja, picha ikafikia nanometa 20 hivi. Seli za kwanza zilikuwa zimekwisha kufa. Zilizo hai zilifuata miaka michache baadaye.

Nobel ya kemia ya 2014 ikaenda kwa Betzig, Stefan Hell na William Moerner. Kanuni hairuhusu zaidi ya watatu. Hess nje, Patterson nje, mwalimu nje. Kwangu hiyo ni dhuluma iliyovishwa kanuni: bila molekuli ile, hadubini ya sebuleni ingebaki chuma tu.

Na sisi? Hadubini hizi zinataka leza, ubaridi na umeme usiokatika, vitu ambavyo Lubumbashi tunaviona kwa bahati. Ila Cape Town kuna kituo cha Africa Microscopy Initiative, kinachopokea watafiti wa Afrika bila kuwatoza ada. Vijana wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), andikeni maombi.