Vijidudu au Probiotiki?

Mwalimu wa Ngara au Biharamulo afundishaye kuwa vijidudu huleta kuhara, kisha akawahimiza wanafunzi wanywe mtindi wenye vijidudu hai, hujipinga mwenyewe. Kosa si lake, bali ni la istilahi. Mnamo 1907 Metchnikoff, akiwa Paris, aliyasifu maziwa ya mgando. Mwaka 2001 wataalamu wa FAO na WHO walieleza kuwa probiotiki ni viumbehai wadogo wafaidishao afya watumiwapo kwa kiasi cha kutosha. Mwaka 2004 wanawake wa Mwanza, ng'ambo ya ziwa, walianza kugandisha mtindi huo. Kwa hiyo twapendekeza: "vijidudu" libaki neno la maradhi, hawa tuwaite "vijiumbe vya manufaa". Hata hivyo, si kila mtindi una probiotiki, wala mtindi hauondoi haja ya kunawa mikono.