Chumvi, Kulungu na Njia za Kentucky

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima

Leo wekeni kalamu chini kwanza, msikilize. Wakati wa kuandika utakuja mwisho wa somo.

Somo letu ni juu ya chumvi. Si ile tunayotia katika mchuzi, bali ile iliyomo ardhini, ambayo wanyama huifuata na kuilamba. Tutakwenda mbali kidogo, hata Marekani, katika nchi ya Kentucky. Huko tutaona jinsi chumvi ilivyowavuta wanyama, wanyama wakamvuta mwindaji, na mwindaji akaleta vita na miji. Kisha tutajiuliza swali moja: mahali panapowakusanya wanyama pamoja, je, panawalisha au panawamaliza?

Kwanza tuelewane juu ya jina. Mnyama wa somo letu tutamwita kulungu, maana ndivyo kamusi zetu zinavyomwita. Lakini si kulungu wa misitu yetu. Kulungu wa huku pembe zake hukaa kichwani maisha yake yote. Kulungu wa Marekani, yule dume, huangusha pembe zake kila mwaka, na nyingine huota mahali pake. Likumbukeni jambo hilo, maana lina maana katika habari hii.

Basi, kwa nini kulungu atafute chumvi? Simba hana shida hiyo, kwa kuwa nyama na damu anayokula ina chumvi ndani yake. Lakini mnyama alaye majani hupata chumvi kidogo sana. Shida huzidi wakati baridi inapokwisha na majani mapya kuchipuka. Majani hayo yamejaa maji, na mwili wa mnyama hupoteza chumvi upesi. Wakati huo huo jike ana mimba au ananyonyesha, na dume anaotesha pembe mpya, nazo pembe zataka madini kama vile mfupa unavyotaka. Ndipo kulungu huacha malisho yake akaenda mbali kutafuta udongo wa chumvi.

Jambo hili si geni kwetu. Wafugaji wetu wanajua ng'ombe anavyokimbilia magadi. Na katika Mlima Elgon, upande wa Kenya, liko pango liitwalo Kitum. Tembo huingia humo usiku, gizani kabisa, huvunja mwamba kwa pembe zao na kuutafuna kwa ajili ya chumvi iliyomo.

Sasa twende Kentucky. Nchi ile i mbali na bahari, lakini chini ya ardhi yake mna maji ya chumvi, nayo hutoka juu katika chemchemi. Maji yakikauka, chumvi hubaki katika udongo. Kwa miaka maelfu wanyama walikuja kulamba hapo: kulungu, na nyati wa Marekani wenye manyoya mengi mabegani. Walilamba na kukanyaga hata miti ikafa, ardhi ikawa tupu. Wazungu walipofika waliyaita mahali hayo Lick, na maana ya neno hilo ni kulamba.

Mojawapo ni Big Bone Lick, karibu na mto Ohio. Maana yake ni Mahali pa Kulamba pa Mifupa Mikubwa. Mwaka 1739 jeshi la Wafaransa lilipita pale, na mkuu wake, Longueuil, akachukua mifupa mikubwa ajabu, ikapelekwa Paris. Mwaka 1807 Rais Thomas Jefferson alimtuma William Clark akachimbe mingine. Mifupa ile ilikuwa ya wanyama wa jamaa ya tembo, waliotoweka zamani, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Nao walikuwa wamekuja pale kwa ajili ya chumvi, wengine wakafia hapo hapo.

Wanyama wakienda mahali pamoja miaka yote, huchora njia. Nyati wa Kentucky walifanya njia pana zilizotoka malishoni hata kwenye chumvi, zikipita mtoni mahali ambapo maji hayana kina. Wenyeji wa nchi, kama Washawnee na Wacherokee, walizijua njia hizo na kuzitumia katika safari na uwindaji. Aliyejificha karibu na chumvi hakuwa na haja ya kumfukuza mnyama. Alingoja tu, na mnyama akaja mwenyewe.

Wazungu nao walijifunza hayo. Kuanzia miaka ya 1760 walivuka milima kwa makundi, wakakaa porini miezi mingi. Walichotaka hasa ni ngozi za kulungu. Ngozi hizo zilipelekwa hata Ulaya kutengenezwa suruali na mifuko ya mikono, na katika nchi ile zilitumika kama fedha. Mwindaji mmoja mashuhuri alikuwa Daniel Boone. Aliingia Kentucky mwaka 1769. Mwaka huo huo Washawnee walimkamata, wakamnyang'anya ngozi zote, wakamwonya asirudi tena. Machoni pao alikuwa mwizi wa wanyama wao. Lakini Boone alirudi.

Mwaka 1775 alijenga kijiji cha Boonesborough. Hapo pana jambo la kutazamwa. Mwezi wa Mei mwaka ule, wajumbe wa vijiji vipya walikutana kutunga sheria. Boone, mwindaji mkubwa kuliko wote, ndiye aliyeleta shauri la sheria ya kuhifadhi wanyama wa porini. Wazungu walikuwa hawajakaa hata miezi michache, na tayari wanyama wa karibu walikuwa wamepungua. Watu walikuwa wakiua wengi kuliko walivyoweza kula, na nyama ikaoza porini.

Watu nao walihitaji chumvi, maana bila chumvi nyama ya akiba haikai. Mwezi wa Januari 1778 Boone aliwaongoza watu wapatao 30 kwenda Blue Licks, penye chemchemi za chumvi. Walichemsha maji katika masufuria makubwa ya chuma, mchana na usiku, kupata chumvi kidogo. Mwezi wa Februari, Boone alipokuwa peke yake akitafuta nyama, Washawnee wa mfalme wao Blackfish walimkamata. Akawashauri wenzake wajitoe bila vita, wakatii. Blackfish alimfanya Boone kuwa mwanawe wa kupanga, lakini mwezi wa Juni Boone alitoroka akarudi kwao.

Miaka minne baadaye, tarehe 19 Agosti 1782, Blue Licks ikawa uwanja wa vita. Washawnee na wenzao, pamoja na Waingereza wachache, waliwangoja Wazungu wa Kentucky karibu na kivuko kile kile cha nyati. Wazungu wapatao 70 waliuawa, na mmoja wao alikuwa Israel, mwana wa Boone. Hata hivyo, mwishowe Wazungu walizidi kuja, nao Washawnee wakapoteza nchi yao ya kuwindia.

Miji nayo ilifuata chumvi. Mji wa Nashville, katika Tennessee, ulianza mwishoni mwa mwaka 1779 mahali palipoitwa French Lick, penye chemchemi ya chumvi na njia za wanyama.

Na wanyama je? Mwanzoni mwa karne ya 19 nyati wa Kentucky walikuwa wamekwisha. Kulungu walidumu zaidi, kwa kuwa hujificha msituni, lakini nao waliwindwa pasipo kiasi. Hukadiriwa kwamba kufika mwaka 1900 walibaki karibu 500,000 tu, au chini ya hapo, katika Marekani yote. Ndipo watu wakashtuka. Sheria kali zikawekwa juu ya msimu wa kuwinda na idadi ya wanyama. Mwaka 1937 ikatungwa sheria ya kodi ya bunduki na risasi, na fedha zake zikatumika kuhifadhi wanyama. Kulungu wakahamishwa kutoka mahali walipobaki, wakapelekwa mahali walipokwisha. Leo hukadiriwa kuwa wamefika milioni 30 hivi. Shauri la namna ya lile alilolitoa Boone mwaka 1775 lilifanya kazi, lakini baada ya miaka mingi kupita.

Basi habari haikuishia hapo. Wawindaji wa Marekani hata leo huweka mawe ya chumvi na madini porini ili kuwavuta kulungu. Wengine husema wanawasaidia wanyama waote pembe kubwa. Lakini mwaka 1967, katika Colorado, kulungu waliofugwa walionekana wakikonda, wakitokwa na mate, kisha wakafa. Ugonjwa ule hula ubongo, nao hauna dawa. Umekwisha kuenea katika sehemu nyingi za Marekani. Hupita kwa mate, mkojo na mavi, na sumu yake hukaa katika udongo miaka mingi. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba wameikuta katika udongo na maji ya mahali pa kulamba chumvi katika Wisconsin. Mgonjwa analamba, na mzima analamba hapo hapo. Kwa sababu hiyo majimbo kadhaa yamekataza kuwawekea kulungu chumvi.

Sasa tulijibu swali letu. Chumvi yenyewe haina kosa, maana mnyama anaihitaji. Lakini mahali wanyama wanapokusanyika, kila jambo huzidi: chakula huzidi, na hatari nayo huzidi. Zamani hatari ilikuwa bunduki, leo ni ugonjwa pia. Kwa hiyo mahali kama hapo hapatoshi kuachiwa nia njema ya mtu mmoja mmoja. Panahitaji sheria, na sheria hiyo ije wakati wanyama wangali wapo.

Sasa chukueni kalamu. Haya ni maswali ya kuzungumza na kuandika:

1. Kwa nini kulungu hutafuta chumvi, na simba hatafuti?

2. Washawnee walimnyang'anya Boone ngozi zake mwaka 1769. Je, walikuwa na haki? Toeni sababu.

3. Mahali gani katika wilaya yenu wanyama au mifugo mingi hukusanyika pamoja? Nani hupatunza, na kwa sheria gani?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.