Mbunge wa Vauxhall na Brexit: Je, Ushindi wa Uchaguzi Ni Ushahidi wa Kuafikiana?

Tarehe 15 Juni 2016, siku nane kabla ya kura ya maoni, msururu wa mashua za uvuvi ulipanda Mto Thames hadi London kudai Uingereza ijitoe katika Umoja wa Ulaya. Katika msafara huo, pamoja na Nigel Farage, kiongozi wa chama cha UKIP, alikuwemo Kate Hoey, mbunge wa chama cha Labour. Ukitazama kutoka jengo la Bunge, ng'ambo ya mto ndipo lilipoanzia jimbo lake la Vauxhall, alilolishika tangu uchaguzi mdogo wa 1989. Siku ya kura ilipofika, halmashauri ya Lambeth, ambayo Vauxhall yote ilikuwa ndani yake, ilitaka kubaki Ulaya kwa asilimia 78.6. Gibraltar ikiwekwa kando, hakuna eneo jingine la kuhesabia kura lililokuwa na kiwango kikubwa kuliko hicho.

Je, msimamo wa mbunge huyo uliwakilisha fikra za wananchi wake? Kwa hesabu ya haraka, haukuwakilisha. Lakini haukupita hata mwaka mmoja kabla wapigakura wa Vauxhall hawajamrudisha bungeni, katika uchaguzi mkuu wa Juni 2017, kwa kura 31,576. Hizo zilikuwa asilimia 57.4 ya kura zote, kutoka asilimia 53.8 alizopata mwaka 2015. Yaani mbunge aliyekwenda kinyume na jimbo lake katika jambo kubwa kuliko yote ya wakati wake alizidi kupendwa, kama idadi ya kura ndiyo kipimo cha kupendwa.

Makala hii inapinga kipimo hicho. Kura anayopewa mbunge haituambii wananchi wanauonaje msimamo wake juu ya jambo moja, isipokuwa pale mambo mengine yote yanapokuwa yameondolewa mezani. Katika siasa za Uingereza hali hiyo hutokea kwa nadra sana, na mara moja ilipotokea, jimboni Richmond Park, ilizaa matokeo tofauti kabisa na ya Vauxhall.

Kwanza, hata kujua jimbo lilitaka nini si kazi nyepesi. Kura za mwaka 2016 zilijumlishwa katika maeneo 382, mengi yao yakiwa halmashauri za wilaya na miji, wala si majimbo ya ubunge. Mipaka ya halmashauri na ya majimbo mara nyingi haifanani. Kwa hiyo takwimu za majimbo zilizotawala mijadala ya miaka iliyofuata ni makadirio kwa sehemu kubwa, na mashuhuri zaidi ni yale ya mwanasayansi wa siasa Chris Hanretty. Kwa Vauxhall tofauti ni kubwa mno kiasi kwamba makadirio hayaleti ubishi. Kwa majimbo yaliyogawanyika karibu nusu kwa nusu, mbunge aliyedai kwamba jimbo lake limesema hivi au vile alikuwa akitegemea hesabu ya kukisia.

Tena, wananchi wa jimbo si wapigakura peke yao. Mtaa wa Stockwell, uliokuwa ndani ya Vauxhall, unajulikana kwa jamii kubwa ya Wareno, wenye mikahawa na maduka yao kando ya barabara ya South Lambeth. Hao hawakuruhusiwa kupiga kura ya maoni, ingawa ndio ambao hatima yao ya ukaazi ilikuwa ikiamuliwa. Mkenya au Mtanzania aliyeishi kihalali mtaani hapo aliweza kupiga kura kwa sababu raia wa nchi za Jumuiya ya Madola walikuwa na haki hiyo, huku jirani yake kutoka Lisbon akibaki mtazamaji. Mreno huyo akienda kumwona mbunge kwa shida yake, mbunge ana wajibu wa kumsikiliza kama mwananchi mwingine yeyote. Asilimia 78.6 haimhesabu.

Turudi kwenye ushindi wa 2017. Mpinzani aliyeshika nafasi ya pili alitoka chama cha Liberal Democrats, chama kilichopinga waziwazi Brexit, yaani kujitoa Ulaya, naye alipata kura 11,326. Wapigakura wa Vauxhall walikuwa na mlango wa kutokea na hawakuutumia. Ni rahisi kudhani kwamba walimsamehe Hoey, au kwamba Brexit haikuwauma sana. Uchaguzi uliofuata unatoa maelezo bora zaidi. Desemba 2019 Hoey hakugombea. Labour ilimsimamisha Florence Eshalomi, aliyetaka Uingereza ibaki Ulaya, kama walivyotaka wengi wa wakazi. Eshalomi alipata kura 31,615. Tofauti kati ya mgombea aliyepingana na jimbo na mgombea aliyeafikiana nalo ilikuwa kura 39. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba kura zile zilipigiwa chama cha Labour, na kwamba yeyote aliyebeba tiketi yake angezipata.

Kilomita chache kusini magharibi, Richmond Park ilipita njia nyingine. Mbunge wake, Zac Goldsmith wa chama cha Conservative, naye aliunga mkono kujitoa, ilhali halmashauri ya Richmond upon Thames ilitaka kubaki kwa asilimia 69.3. Oktoba 2016 Goldsmith alijiuzulu kutimiza ahadi aliyoitoa kuhusu jambo lisilohusiana na Ulaya: serikali ilikuwa imekubali ujenzi wa njia ya tatu ya ndege katika uwanja wa Heathrow. Akagombea tena kiti hicho hicho akiwa mgombea binafsi, na Conservative hawakusimamisha mtu dhidi yake.

Uamuzi huo ulikusudiwa kuugeuza uchaguzi mdogo kuwa kura juu ya Heathrow. Lakini wapinzani wake wakuu nao waliipinga njia hiyo ya ndege, kwa hiyo hapakuwa na la kubishania. Nembo ya chama chake haikuwepo kwenye karatasi ya kura, na hakuna serikali ambayo ingeanguka kwa matokeo ya jimbo moja. Kilichobaki kati ya wagombea kilikuwa Ulaya, na Liberal Democrats walikishikilia hicho kwa nguvu zote. Tarehe 1 Desemba Goldsmith, aliyeshinda kwa tofauti ya kura 23,015 mwaka uliotangulia, alishindwa na Sarah Olney kwa kura 1,872.

Miezi sita baadaye nembo ilirudi. Goldsmith aligombea uchaguzi mkuu wa 2017 kwa tiketi ya Conservative, nchi ikichagua waziri mkuu, akakitwaa kiti kwa kura 45. Mtu alikuwa yule yule, msimamo ule ule, na jimbo lile lile. Mwaka 2019, Brexit ilipokuwa ndiyo ajenda kuu ya uchaguzi wa nchi nzima, Olney alimwondoa tena, safari hii kwa kura 7,766.

Mtu anaweza kujibu kwamba London ni London, na kwamba kaskazini mwa nchi wabunge wa Labour waliadhibiwa vikali mwaka 2019 kwa kutowasikiliza wananchi wao juu ya Brexit. Ni kweli Labour iliadhibiwa. Ila tazama ni nani waliobeba adhabu. Dennis Skinner alikuwa mbunge wa Bolsover tangu 1970, na msimamo wake wa kuutilia shaka Umoja wa Ulaya ulikuwa wa miaka mingi. Mwaka 2016 alitaka kujitoa, sawa na asilimia 70.8 ya wapigakura wa wilaya yake. Alishindwa. Caroline Flint wa Don Valley alikuwa amepiga kura ya kubaki, kisha akawasihi wenzake waheshimu matokeo, na tarehe 22 Oktoba 2019 alikuwa mmoja wa wabunge 19 wa Labour waliopiga kura kuupitisha muswada wa makubaliano ya kujitoa ya waziri mkuu Boris Johnson katika hatua ya kusomwa mara ya pili. Naye alipoteza kiti ambacho Labour ilikishika tangu 1922. Kuafikiana na jimbo hakukuwaokoa, kwa sababu chama chao kiliahidi kura ya maoni ya pili, na ahadi ya chama ndiyo iliyosikika.

Hanretty, pamoja na Jonathan Mellon na Patrick English, waliufikia mwelekeo huo huo kwa takwimu. Utafiti wao, uliochapishwa 2021 katika American Political Science Review, ulionyesha kwamba wabunge wa Uingereza huwajibishwa kwa kiasi kidogo sana kwa misimamo yao juu ya jambo moja moja, na kwamba wao wenyewe wanalijua hilo.

Hapa huletwa utetezi wa kale. Novemba 1774 Edmund Burke, mbunge wao mpya, aliwaambia wapigakura wa Bristol kwamba mbunge ana deni kwao la akili yake na uamuzi wake, si la utiifu wa tarishi. Wabunge wa pande zote mbili za Brexit walijificha nyuma ya hoja hiyo, na ina uzito wake. Kura ya maoni iliuliza kubaki au kujitoa. Haikuuliza kujitoa kwa namna gani. Tarehe 27 Machi 2019 Bunge lilipigia kura mapendekezo manane ya njia ya kufuata, na hakuna hata moja lililopata wingi. Hapo jimbo halikuwa na agizo la kumpa mbunge, na alihitaji akili yake.

Hata hivyo Burke alisimama mbele ya wapigakura wake kuyasema hayo, na mwaka 1780, baada ya kuwaudhi kwa msimamo wake juu ya biashara ya Ireland na haki za Wakatoliki, aliona kushindwa kunakuja akajiondoa. Uhuru wa mbunge ulilipiwa kwa hatari ya kupoteza kiti. Hoey hakuwa katika hatari hiyo, na uhuru wake ulikuwa na matokeo makubwa. Tarehe 17 Julai 2018 serikali ilinusurika katika pendekezo la umoja wa forodha na Ulaya kwa kura 307 dhidi ya 301. Wabunge wanne wa Labour, Hoey akiwa mmoja wao, walipiga kura upande wa serikali. Wangekwenda upande wa chama chao, serikali ingeshindwa. Jimbo lenye wapenda Ulaya wengi kuliko karibu yote nchini lilisaidia kuzuia Brexit ya masharti laini.

Wakazi wa Vauxhall wangeweza kufanya nini asubuhi iliyofuata? Sheria ya mwaka 2015 ya kumwondoa mbunge kabla ya muda inahusu kupatikana na hatia mahakamani, kusimamishwa bungeni na udanganyifu wa posho. Haigusi msimamo wa kisiasa. Waliochukua hatua ni wanachama wa tawi la Labour jimboni, ambao kabla Julai haijaisha walipitisha azimio la kutokuwa na imani naye. Azimio hilo halikuwa na nguvu ya kisheria, lakini mwaka mmoja baadaye Hoey alitangaza kwamba hatagombea tena.

Kwa jimbo lililo ngome ya chama kimoja, basi, swali la kama mbunge anawawakilisha watu wake juu ya jambo fulani hujibiwa katika vikao vya uteuzi vya chama, ambako wagombea hulinganishwa bila nembo kuwatenganisha. Wanaohudhuria vikao hivyo ni wanachama tu, sehemu ndogo ya wapigakura. Watafiti wanaolinganisha kura za wabunge na matokeo ya majimbo yao wamezama katika siku ya uchaguzi. Rekodi za uteuzi, ambazo vyama vya Uingereza huzichukulia kuwa mambo yao ya ndani, ndizo zingewaonyesha ni lini mkazi wa kawaida wa Stockwell alipata, au alikosa, nafasi ya kusema kitu juu ya Ulaya na kikamfikia mbunge wake.